Kisanduku cha Jina la Mwimbaji

Jua lilikuwa likizama nyuma ya mashamba ya mkonge Nkoile alipochukua ufunguo wa maktaba. Alimwambia mama yake anakwenda kumalizia kazi ndogo, hatakawia. Nyumba yao ilikuwa uani, nyuma ya maktaba tu, na mama yake, Nasieku, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Tangu kijana wake wa mwisho afe kule Handeni, mama huyo alikuwa amekataa kula hadi akabaki mifupa. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kucheka tena. Nkoile hakuwa na mwingine duniani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kompyuta. Enzi hizo za soko huria vyuo vya watu binafsi vilikuwa vikiota kama uyoga, na hiki cha Korogwe kilikuwa kimepewa na wafadhili kompyuta mbili kuukuu, mfumo wa maktaba, na shehena ya CD za nyimbo za wenyeji. Kila CD ilitakiwa iwe na rekodi yake kwenye mfumo, ili msomaji aitafute kwa jina na kuisikiliza. Nkoile alikuwa amebakiza moja. Kila siku aliiruka, akijifanya haioni.

Aliyeimba humo alikuwa mdogo wake.

Kwao, kijana akifa kabla hajapata mtoto, jina lake huzikwa naye. Halitajwi. Akitajwa huja, na akija haondoki peke yake; huondoka na yule aliyemlilia kuliko wote, akiitika wito wake. Nkoile alikuwa amesoma, akabatizwa, akajifunza kuyacheka mambo hayo mbele za watu. Akiwa peke yake hakuyacheka.

Mwanzo aliandika kwamba mwimbaji hajulikani. Bwana Habakuki, mkuu wa maktaba, mtu wa kupenda sifa kupita kiasi, aliyafuta maneno hayo, akasema wafadhili wanakuja kesho na wanataka majina, hawataki uvivu. Nkoile angemjibu nini? Kwamba msomi mzima anamwogopa maiti? Mfumo nao ulikataa kuhifadhi rekodi kisanduku cha jina kikiwa kitupu.

Basi akajidanganya kwamba kuandika si kutaja. Aliibana midomo yake. Akaandika polepole, Parsaoti. Akabonyeza kuhifadhi.

Kimya...

Kisha ikaja harufu. Mafuta ya ng'ombe na udongo mwekundu, harufu ya kijana aliyejipaka kwenda ngomani.

Kompyuta ya wasomaji, kule kona, ikawaka yenyewe. Spika zikakwaruza. Wimbo ukaanza, wa chini, wa kooni, ule ule aliozoea kuusikia walipokuwa wakichunga ndama pamoja.

Nkoile hakujiogopea yeye, aliyaogopea masikio ya mama yake, pale nyuma ya ukuta. Akabonyeza kufuta. Mfumo ukamjibu kwamba rekodi haifutiki, kuna msomaji anaitumia. Akabonyeza tena. Jibu lile lile. Aligeuka kutazama kona. Hapakuwa na mtu, ila kiti kilikuwa kimevutwa nyuma, kama mtu avutavyo akitaka kukaa.

Akazing'oa nyaya ukutani. Skrini zote mbili zikazimika.

Wimbo haukuzimika.

Ulipita dirishani, ukatoka nje, ukaelekea uani.

Nkoile alikimbia. Hakuthubutu kumwita mama, asije akamfanya aitike kwenye kiza kile. Alimkuta amesimama mlangoni, mboga zimemwagika chini, amejifunga shuka yake ya safari.

"Mama," alinong'ona, "umesikia wimbo?"

"Nimeusikia. Nikaziba masikio. Mimi si mtoto, mwanangu, najua nani haitikiwi."

Nkoile akashusha pumzi. Machozi yalimtoka kwa furaha, akamshika mama mkono ili waingie ndani. Mama hakusogea.

"Mbona unahema hivyo?" aliuliza. "Si wewe uliyeniita sasa hivi, pale dirishani? Umesema nijifunge shuka tuondoke."

"Sijakuita, mama."

Mama alimtazama. Kisha akalitazama dirisha. Uso wake ulilegea taratibu, kama wa mtu aliyeelewa jambo akiwa amekwisha kuchelewa.

"Ilikuwa sauti yako," alisema. "Nimeitika."

Nkoile alimkumbatia, akambana kwenye kizingiti kwa nguvu zake zote. Mama yule, aliyekuwa mwepesi wa kubebeka kwa mkono mmoja, alimvuta kuelekea nje, na nyayo za Nkoile zikaburuzika kwenye vumbi. Hakumwachia. Walikaa hivyo, huyu akivuta, huyu akizuia, hadi mavuto yakapungua, yakakoma, na Nkoile akamshukuru Mungu kwa kushinda.

Kulipopambazuka bado walikuwa wamekumbatiana pale mlangoni, lakini mikono ya mama ilikuwa imepoa, na iliyokuwa imeshika ilikuwa ya Nkoile peke yake.