Jani Juu ya Ndoo

Asubuhi katika nyumba hii huanza kwa kikohozi cha Bibi. Haumwi. Anakohoa ili watu wajue ameamka, na wao waone haya kuendelea kulala.

Kisha kila mtu hushika lake. Mwanawe, ambaye ni mshona viatu, hutoa kigoda chake na kisanduku cha misumari, akakaa barazani. Mkwewe huwasha moto. Na mjukuu, ambaye ndiyo kwanza amejifunza kutembea, hutoka chumbani akishikilia ukuta, anatafuta nani ambebe.

Mjukuu huyo walimwita Kibonge. Alizaliwa mnene. Mikono yake ilikuwa na mikunjo kama mtu aliyevaa bangili. Majirani waligombea kumbeba, kisha wakamrudisha upesi huku wameshika viuno vyao.

Mwaka huo nyumba ilikuwa na mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa mabomba, kutoka nchi ya ng'ambo ya mpaka. Kwao alifanya kazi katika hospitali kubwa. Alikuja na wenzake wa kujitolea, kusaidia kijiji kupata maji safi na kutengeneza zahanati. Wenzake walikaa nyumba nyingine. Yeye alipewa chumba cha kuwekea mazao, akalala na magunia ukutani na viatu vyake vya mpira mlangoni. Kila mtu alimwita Fundi.

Siku ya kwanza Bibi alimhoji kama vile anataka kumwoza. Aliuliza mume yuko wapi, watoto wako wapi, na mshahara ukoje. Fundi akajibu kuwa mume amefariki, watoto wamekua, na mshahara haupo. Anapewa chakula na pa kulala, basi.

"Hulipwi?" Bibi aliuliza. "Mtu mzima, na akili zako timamu, umevuka mpaka kuja kuchimba udongo wa watu bure?"

Fundi alicheka. Kisha akaeleza polepole. Kazi yake hospitalini ilikuwa kutunza mabomba ya wodi ya watoto. Kila siku aliona watoto wakiletwa wanaharisha, wamelegea kama nguo mbichi.

"Nikajiuliza, mama," alisema, "kwa nini bomba langu lingoje mpaka mtoto augue? Nikaomba ruhusa kazini, nikaja huku ugonjwa unakoanzia."

Bibi aliinuka. Alichukua upawa akamwongezea chakula kwenye sahani. Kwa Bibi, hilo ndilo jibu.

Zamani kijiji kilichota maji dimbwini, pamoja na ng'ombe na mbuzi. Maji yalitoka safi chini ya mawe, yakachafuka yakifika juu. Fundi na wanakijiji walichimba mpaka kwenye jicho la maji. Walipanga mawe, wakajenga ukuta wa zege, na ukutani wakapitisha bomba. Upande wa juu walichimba mtaro wa kuchepusha maji ya mvua. Wakazungusha uzio ili mifugo isikaribie, na dimbwi la zamani, lililo chini zaidi, wakaiachia. Mshona viatu alibeba mawe mpaka bega likavimba. Jioni alimwuliza mama yake kama kwenye ukoo wao kuna punda.

Fundi alipima maji yaliyotoka bombani. Yalikuwa safi. Watu wakanywa hapohapo kwa viganja, na wazee wakasema hawajawahi kunywa kitu kitamu hivyo.

Fundi alijua kujenga. Kubeba ndoo kichwani hakujua. Alifika nyumbani amelowa mpaka ndani ya viatu, na ndoo imebaki nusu. Watoto walimngojea njiani kila asubuhi, kama watu wanaongojea mchezo uanze. Bibi akamwonea huruma, akaenda naye. Walipofika kwenye vichaka vya kando ya njia, Bibi alivunja kijitawi chenye majani mapana, akakiweka juu ya maji, ndani ya ndoo.

"Jani linayatuliza maji," alimwambia. "Bila jani unabeba mawimbi."

Ni kweli. Kila mwanamke wa kijiji kile alifanya hivyo, kama mama yake alivyofanya. Siku ile Fundi alifika mkavu. Bibi akatangaza kuwa sasa mgeni wao anaweza kuolewa tena.

Lakini katika nyumba hiyo furaha haikukaa. Kibonge alikuwa anaharisha. Alipona, akaharisha tena. Ile mikunjo ya mikononi ilipotea. Shingo ikawa nyembamba, na kichwa kikaonekana kikubwa. Majirani walimbeba kwa mkono mmoja, na hakuna aliyefanya utani. Mama yake aliacha kumwita Kibonge. Alimwita "mwanangu" tu, kwa sauti ya chini.

Mshona viatu naye alianza kunung'unika. Alisema maji ya dimbwi walikuwa wameyazoea. Haya mapya yanamkataa mtoto. Alisema hayo kwa kunong'ona ili Fundi asisikie, lakini nyumba ilikuwa ndogo na Fundi alisikia. Yeye mwenyewe tumbo lilikuwa linamsokota, na alikuwa anaona haya kusema.

Asubuhi moja mama Kibonge alitoka na ndoo, akapita njia ya dimbwini. Majirani walimwona. Kama nyumba anayolala Fundi imerudi dimbwini, nani atabaki bombani?

Hakufika. Bibi alimwita arudi upesi, kwa maana mtoto alikuwa amebadilika. Macho yalikuwa yamezama ndani. Midomo ilikuwa imekauka. Alikuwa analia, na machozi hayatoki.

Walimkimbiza zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke mwenye haraka mikononi na utulivu mdomoni. Aliibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole, akaiachia, akaona inarudi polepole.

"Amekaukiwa maji," alisema. "Mmemleta kwa wakati. Mkiona macho yamezama, au mtoto amelegea na hataki kunywa, au kuna damu kwenye choo, msingoje kesho. Mleteni mbio, kama leo."

Alifungua pakiti ya chumvi na sukari ya dawa, akaikoroga katika lita moja ya maji aliyoyachemsha na kuyapoza. Akampa mama kijiko. Alimwonyesha kumnywesha kidogokidogo, bila kuchoka. Mtoto akitapika, asubiri kidogo, kisha aendelee. Ziwa asimnyime, na chakula asimnyime. Akampa pia vidonge vya madini ya zinki, akasisitiza kuwa wavimalize hata kama mtoto ameacha kuharisha.

Mshona viatu akaona huo ndio wakati. Alisema yeye hana ugomvi na mtu, ila maji ya lile bomba ndiyo yanayomwua mwanawe. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika tumbo.

Muuguzi alimgeukia. "Wewe maji uliyapima wapi?"

"Bombani."

"Na mtoto anayanywea wapi?"

Fundi alimtazama. Kisha akasimama, tumbo na maumivu yake akayasahau.

Alirudi nyumbani akachukua chupa zake za kupimia. Ni chupa ndogo zenye dawa ndani. Unatia maji na kuyaacha mpaka kesho yake au zaidi kidogo. Maji yenye uchafu wa choo huwa meusi. Asubuhi iliyofuata Fundi aliyafuata maji kama mtu anayemfuata mwizi. Chupa moja aliijaza bombani. Ya pili aliijaza kwenye ndoo ya Bibi, ilipotuliwa mlangoni, jani lake likiwa ndani. Ya tatu aliijaza kwenye mtungi.

Mtungi huo ni wa Bibi. Umekaa kwenye kona ya chumba cha mbele, juu ya mchanga mbichi, tangu Bibi alipoolewa. Maji yake ni baridi wakati wote. Mdomoni mwake kulikuwa na kikombe cha bati. Anayetaka kunywa anakichovya na vidole vyake, anakunywa, anakirudisha. Maji yakipungua, mapya yanamiminwa juu ya ya zamani.

Chupa zilipangwa dirishani. Watu wa nyumba walipita wakizichungulia kama mayai yanayotaka kuanguliwa. Kesho yake chupa ya bombani ilikuwa safi vilevile. Ya ndoo ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Ya mtungi ilikuwa nyeusi kama masizi.

Fundi akawaeleza. Maji yanatoka bombani salama, yanaharibika njiani na nyumbani. Vile vichaka vya kuchuma majani, watoto hujificha hapo wanapobanwa. Mbuzi hupita hapo. Nzi hutoka kwenye choo na kutua juu ya majani hayo. Sisi tunalivunja jani na kuliogesha ndani ya maji ya kunywa. Kisha nyumbani tunaongeza vidole.

Bibi alikuwa amesimama kando ya mtungi wake, mkono juu ya shingo ya mtungi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namnywesha mjukuu wangu uchafu."

Fundi alikwenda akasimama karibu naye.

"Mama, wewe ulitaka maji yasimwagike. Mimi niliyafikisha bombani nikasema kazi imekwisha. Kumbe kazi ya maji inaishia mdomoni mwa mtoto. Tulikosea wote, na wote tutarekebisha."

Bibi alitazama chini. Baadaye akauliza, kwa sauti ya kununa kidogo, kama sasa anatakiwa afike nyumbani amelowa kama Fundi.

Hapo mshona viatu alitoa la kwake. Tangu chupa zilipogeuka, kila alipofungua mdomo mkewe alikitazama kidole chake, kile alicholinyoshea bomba alipolilaumu. Alichukua ndoo yenye mfuniko, akakata utepe wa mpira wa baiskeli, akauosha kwa sabuni, akaubandika kuzunguka ukingo wa mfuniko. Akaijaza ndoo maji, akaifunika, akaiinamisha. Halikudondoka tone. Bibi akasema leo ndiyo amejua kwa nini alimzaa.

Ikabaki shauri la mtungi. Mama Kibonge alitaka wanunue dumu la plastiki. Bibi alikataa katakata. Alisema maji ya plastiki yana joto na ladha ya kandambili. Fundi akauzunguka mtungi akiugongagonga kwa kidole. Akauliza kama Bibi atamruhusu autoboe.

Bibi aliushika mtungi kwa mikono miwili.

"Ukiupasua," Bibi alisema, "utabaki hapa mpaka ujifunze kufinyanga."

Fundi alileta kekee yake ya mkono, ya kutobolea. Mama Kibonge alidondosha maji juu ya udongo ili usipate joto, na Fundi akazungusha polepole, karibu na kitako. Unga mwekundu ulitoka kidogokidogo. Bibi alifumba macho. Alipofumbua, tundu lilikuwa limepita, la mviringo, bila ufa. Fundi akatia koki ndogo, akaikaza kwa nati, na mshona viatu akakata vipande viwili vya mpira, kimoja ndani na kimoja nje, ili usivuje. Waliusugua mtungi kwa sabuni, wakausuuza kwa maji yaliyochemshwa, wakauweka juu ya kistuli cha matofali. Juu yake wakaweka mfuniko.

Toka siku hiyo hakuna mkono unaoingia mtungini. Unafungua koki, kikombe kinajaa. Kabla ya kutia maji mapya, ya zamani yanamwagiwa mboga za bustani na mtungi unaoshwa. Maji ya kunywa yanachemshwa mpaka yatokote sana, yanapozwa yakiwa yamefunikwa. Kando ya mlango wa choo pana kibuyu cha maji na kipande cha sabuni kilichofungwa kamba. Kila atokaye ananawa, na kila aliyemtawaza mtoto ananawa. Bibi ndiye askari wa hapo. Hata muuguzi alipokuja kuwatembelea aliulizwa kama amenawa.

Bibi pia alikwenda bombani asubuhi, wakati wanawake wengi wapo. Hakumsema mtu. Alisimama tu na ndoo yake yenye mfuniko, akaeleza zile chupa zilivyogeuka rangi. Walipouliza kuhusu jani, alisema jani lilikuwa rafiki yake wa miaka mingi, lakini rafiki anayemwumiza mjukuu humkaribishi nyumbani. Baada ya muda mshona viatu akawa na kazi nyingi za mifuniko kuliko za viatu.

Na Kibonge? Aliharisha siku chache zaidi, kisha akaacha. Akaanza kudai chakula. Akaanza kudai na cha wenzake. Siku moja jirani alimwinua, akamrudisha upesi, akashika kiuno. Mama yake aliona. Alikwenda nyuma ya jiko akalia kidogo, akajifuta, akarudi.

Zahanati ilipopata matangi yake na mabomba yake, muda wa Fundi ukaisha. Asubuhi ya kuondoka Bibi alikohoa mapema kuliko kawaida. Fundi alikuwa ameshaamka. Alikuwa amekwenda bombani peke yake, na sasa anakuja njiani, ndoo kichwani, mikono chini, mkavu. Watoto waliokuja kumngoja alowe mara ya mwisho walivunjika moyo kabisa.

Alitua ndoo. Akamwinua Kibonge ili amuage, akapepesuka.

"Mama, huyu ni mzito kuliko ndoo yangu," alisema.

"Mbebe tu, mwanangu," Bibi alimjibu. "Huyo hamwagiki."