Maji Yasiyopoa

Maji yalikuwa bado ya moto. Hilo ndilo lililomshangaza Fundi Shoti, kwa sababu mashine ya kufulia ilikuwa imechomolewa kwenye umeme tangu jana.

Alikung'uta mkono, akaufuta kwenye suruali, akaendelea kufungua kifuniko cha chujio. Walimwita Shoti kwa sababu umeme uliwahi kumrusha kutoka jikoni kwa mtu hadi sebuleni, na tangu hapo hakuamini kifaa chochote.

"Shemeji," alisema, "mashine hii ni kama mtu aliyefunga choo. Inakula, inakunywa, kutoa haitaki."

"Juzi uliniambia ni chujio," mama wa nyumba akajibu. "Jana ukasema pampu. Leo umeniletea mzaha."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nyuma ya kioo cha mlango wa mashine lilikuwamo shuka alilolalia mwanawe siku za mwisho, na shati lake. Mtoto alikuwa na miaka minne, na Mwenyezi Mungu alikuwa amemchukua wiki tano zilizopita. Nguo nyingine zote mama mkwe alizigawa kwa nia njema. Lilibaki shati hilo moja la mistari, lenye kifungo kimoja chekundu kisichofanana na vingine, alichokishona mama mwenyewe. Maji yasipotoka, mlango haufunguki.

Fundi alikwisha kuiweka pampu mezani ikazunguka vizuri. Alipuliza bomba la kutolea maji, likapitisha pumzi. Alimwaga ndoo ya maji baridi kwenye tundu la maji machafu la sakafuni pale uani, yakashuka bila kelele. Lakini bomba likirudishwa kwenye tundu lile lile na mashine ikiwashwa, pampu ililia tu, wala halikutoka tone.

"Vunja kioo," mama akasema.

"Nikivunja, yote haya yatatumwagikia miguuni. Subiri nijaribu ndoo."

Alifunga koki ya maji, akashusha bomba kwenye ndoo. Maji yakaja. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha wote wawili wakatazama kioo. Maji hayakuwa yamepungua hata upana wa kidole.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa uani, majirani wanacheka upande wa pili wa ukuta, lakini harufu iliyoanza kutoka kwenye tundu la sakafuni haikuwa ya sabuni wala ya uchafu bali ya nywele zilizopitiwa na moto, na nyuma ya harufu ile, mbali chini, ilikuja sauti nyembamba ya mtoto anayelia kwa kuchoka, na sauti ya mwanamke akimbembeleza.

"Shemeji," fundi akanong'ona. "Mna mtoto humu ndani?"

"Hatuna tena."

Mama mkwe alikuwa amemaliza kuswali. Alitoka na msala wake begani, akanusa, akasimama.

"Siku ile ulifulia maji ya moto kiasi gani?"

"Ya mwisho kabisa, mama. Lilikuwa shuka la mgonjwa. Maji ya kwanza yalitoka vizuri. Ya pili ndiyo yakakwama."

"Na bismillahi ulisema?"

Mama alitazama tundu. Kila mtu katika nyumba ile alijua kwamba maji ya moto hayamwagwi kwenye tundu bila kulitaja jina la Mungu, ili majini wanaoishi chini wapate kusogea. Lakini tangu siku ya mazishi jina hilo halikuwa limemtoka mdomoni.

Mama mkwe akaanza kusoma. Alisoma taratibu, kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma, maji nyuma ya kioo yakaanza kutokota, bomba likajinyonganyonga sakafuni kama mkono wa mtu mwenye maumivu, mpaka akanyamaza mwenyewe.

"Hanitaki mimi," alisema. "Anakutaka wewe, mwanangu. Ni mama mwenzako; muombe radhi."

"Aniombe yeye radhi. Wangu kafa, na hakuna aliyeniomba mimi."

Hapo mtoto wa chini akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, kisha mvuto wa pumzi. Mama alikijua kikohozi cha namna ile; alikesha nacho miezi mitatu. Akainama juu ya tundu.

"Bismillahi," alisema, na ilimtoka kama mfupa uliokwama kooni. "Nisamehe, mwenzangu. Nilikuwa nalia. Sikutazama ninapomwaga."

Maji yakaondoka yote kwa mkupuo mmoja. Mlango ukalia *ta*, ukafunguka.

Shuka lilikuwamo. Shati halikuwamo. Shoti aliifungua mashine mpaka skrubu ya mwisho, akatoa pipa, akapapasa kila pembe. Hakupata hata uzi. Aliondoka bila kuaga na bisibisi yake akaisahau.

Mama alimnunia Mungu siku tatu zaidi, kisha akarudi kwenye swala.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, asubuhi, alilikuta shati uani, limekunjwa vizuri pembeni mwa tundu. Lilikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi. Alikiona kifungo chekundu. Kisha akaona mikono ya shati: mapindo yalikuwa yamefunguliwa na nyuzi kukatwa kwa meno, kama afanyavyo mama ambaye mtoto wake amekua naye hana kitambaa cha kuongeza.

Alasiri mama mkwe alimkuta kwenye cherehani, kitambaa kipya cha mistari mapajani.

"Unamshonea nani, mwanangu?"

Hakuinua macho.

"Urefu wake siujui," alisema. "Nimekadiria wa miaka mitano."