Aliyelala Kitanda cha Dirishani

Kwanza ilikuwa shuka. Katika chumba cha matibabu cha kituo kidogo cha afya, kaskazini kabisa mwa Ufini, kitanda cha dirishani kilitandikwa vizuri, na kila kilipotandikwa kilikutwa kimebonyea kana kwamba kuna mtu amelala. Mto ulinuka damu. Muuguzi Raili alibadilisha shuka, akaendelea na kazi.

Yalikuwa majira ambayo jua halichomozi, na taa huwaka hata adhuhuri. Ndipo sauti ikaanza nyuma ya pazia: mtu akijaribu kusema na taya lililovunjika.

"Daktari, ni Helvi," Raili alinong'ona.

Helvi alilazwa pale mwezi wa kumi, mumewe amesimama kichwani pake akimjibia kila swali. Ameanguka kwenye ngazi, alisema mume. Daktari Ossi alilifunga taya, kisha akamwambia Raili pembeni, "Hayo mambo ya nyumba za watu. Sisi tunatibu mifupa." Raili akaitikia. Siku chache baadaye Helvi aliletwa maiti.

"Helvi tumeshamzika," daktari alisema sasa, lakini chumbani hakuingia.

Wagonjwa walipokikataa kile chumba, Raili akamwita Bibi Aune, mganga ambaye wazee walimjua kwa kuzuia damu kwa maneno. Aune akaugusa mto, akasikiliza.

"Anataka aulizwe lile ambalo hamkumwuliza."

"Yaani mimi nizungumze na pazia, bibi?" daktari akasema mlangoni.

Raili akasogea karibu na pazia. "Helvi, nani alikufanya hivi?"

Sauti ikamtaja mume, na haikukoma, ikageuka ya kizee, ikageuka ya msichana, kila moja ikimtaja mwanamume wake, wote wanawake ambao Raili aliwafunga bendeji kwa mikono yake na kuwatakia siku njema, na harufu ya damu ikazidi mpaka Bibi Aune akaziba pua na kurudi nyuma, na ya mwisho kabisa ilikuwa sauti iliyomsalimu Raili asubuhi ile ile, sauti ya Kaisu wa mapokezi.

"Huyu hajafa," Raili akasema.

"Bado," Bibi Aune akasema. "Kimbia."

Pale mapokezi Kaisu alikuwa amekwishavaa koti, skafu imempanda hadi masikioni. Mumewe alisimama kando, akichezea funguo za gari.

"Vipi, Raili, unaumwa?" Kaisu aliuliza.

Swali lilikuwa limemfika Raili mdomoni. Mume akatabasamu. "Kuna tatizo, dada?"

Raili akamgeukia daktari, aliyekuwa amemfuata nyuma. Daktari akatikisa kichwa polepole.

"Hakuna," Raili akasema. "Kesho basi, Kaisu."

Kupitia kioo cha mlango aliwaona wakiingia garini. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa mwanamke mwenye taya lililofungwa, mkono ameuweka begani kwa Kaisu. Kaisu hakugeuka.

Chumbani palikuwa kimya, na harufu imekwisha. Daktari akampa Bibi Aune mkono. "Ameondoka. Ahsante sana."

Bibi Aune hakuupokea. "Amekwenda kumsindikiza mwenzake," akasema, akachukua kofia yake.

Asubuhi kiti cha mapokezi kilikuwa kitupu. Simu ya pale ikaita, ikaita, na Raili akasimama kando yake, akaogopa kuipokea.