Mugithi wa Harusi ya Ndungu

Soko la Kenyatta mchana lilijaa moshi wa nyama na kelele za wasusi wakigombania wateja. Wahu alikuwa ameketi kwenye stuli, wasusi wawili wakimvuta kichwa huku na huku, lakini miguu yake, ndani ya viatu vyekundu, ilikuwa ikicheza rumba iliyotoka kibanda cha jirani.

"Madam, ukicheza hivyo hiyo line ya nywele itapinda."

Aliinua macho. Kijana mrefu, shati la kitenge, sahani ya nyama mkononi.

"Kwani wewe ni msusi?"

"Mimi ni DJ. Kazi yangu ni kuangalia miguu ya watu. Naitwa Kitavi."

"Sasa Kitavi, angalia nyama yako. Inapoa."

Lakini alicheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tena DJ ndiye hasa aliyekuwa akimtafuta. Kaka yake Ndungu alikuwa anaoa, na mama yao alikuwa amemkabidhi Wahu kazi ya muziki kwa onyo moja: hataki kuona mgeni, mzee wala kijana, amekaa kitini harusi nzima kama yuko hospitali.

"Kuna shosho yangu, kuna watoto, kuna watu wa kanisa," Wahu alimweleza. "Mugithi utaweza, ile densi yetu Wakikuyu ya kushikana mabega kama treni? Wewe ni Mkamba."

"Nilikaa room moja na Wakikuyu college yote. Kikuyu naskia chote, beb."

Hiyo ilikuwa fiksi tupu. Kitavi alijua kusalimia na kuitisha chai, basi. Lakini alikuwa amempenda yule msichana kabla nywele hazijaisha kusukwa, na mtu akipenda ghafla ulimi humtoroka.

Wiki zilizofuata simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, lakini sijashiba sauti yako." Upuuzi mtamu wa namna hiyo.

Kisha kamati ya harusi ikakutana Uthiru, nyumbani kwa kina Wahu. Kitavi alifika na spika yake awaonjeshe muziki. Gita lilipoanza, kina mama wa kanisa walitabasamu, maana sauti ilikuwa ya wimbo wa ibada. Maskini, hawakujua kwamba ulirekodiwa baa, na mwimbaji alikuwa ameyatoa maneno ya Mungu akaweka ya kitandani. Mama Ndungu aliweka kikombe chini. Pasta alikohoa. Shosho Waringa, nyanya yake Wahu, alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtetemeka. Kitavi, asiyeelewa hata neno, aliongeza sauti.

"Kina mama, shikaneni mabega! Treni inatoka!"

Haikutoka. Mama Ndungu aliizima spika mwenyewe, akasema DJ mwingine atafutwe. Wahu alimfuata Kitavi hadi getini, machozi yakimlenga.

"Ulisema unaskia Kikuyu."

"Sweetheart, nilitaka tu unione niko sawa."

"Wimbo haujaniuma. Ni vile umenidanganya ukiniangalia kwa macho."

Tangu siku hiyo hakupokea simu zake. Alikuwa na hasira, na alikuwa na hamu naye vibaya, yote pamoja. Mpaka Shosho alipopiga simu.

"Wahu, huyu Mkamba wako ako jikoni kwangu. Ananimenyea waru, hizi viazi zangu za supu."

"Shosho, mfukuze!"

"Nimfukuze na hatujamaliza? Anacheza wimbo, mimi namwambia inasema nini. Ile ya kamati tumerudia."

"Mmerudia, Shosho?"

"Gita yake ni nzuri. Ongea na yeye."

Simu ikabadilisha mkono, kisha ikaja sauti aliyoitamani. "Wahu, sijui Kikuyu. Najua salamu na chai pekee. Nilikudanganya, na nakupenda. Nisamehe."

Wahu alifuta macho kwa kiganja. "Maliza hizo waru. Nitaongea na Mum."

Mama alikubali kwa shingo upande. Siku ya harusi, kwenye uwanja wa nyasi kando ya Waiyaki Way, Kitavi alianza na rumba ya wazee, polepole, magoti yapate moto. Alipoona wamenoga, alichomeka midundo ya vijana chini ya gita lile lile, na hakuna aliyepata nafasi ya kurudi kitini. Mugithi ulipokuja, Shosho alishika mbele, pasta nyuma yake, maharusi, watoto, hata wapishi na aproni zao.

Mama Ndungu peke yake ndiye aliyebaki ameketi, mkoba mapajani. Wahu alimwona, akakumbuka lile onyo.

Kitavi pia alimwona. Aliacha mashine, akaenda, akainama mbele yake, akaomba msamaha kwa Kikuyu cha kujikwaa. Mama aliinua uso.

"Nani amekufunza Kikuyu ya wazee hivyo?"

"Shosho."

Mdomo wa Mama ulianza kucheza, kicheko kikamshinda. "Wahu! Nishikie mkoba." Akajitosa kwenye msururu.

Wahu alimfuata Kitavi kwenye mashine, gauni la waridi likimpepea, mkoba wa mama begani.

"Kitavi, harusi ijayo ya hii familia hatutakuita upige muziki."

Alivua headphone, uso ukamshuka. "Jamani, nimekosa nini tena?"

"Na si ni harusi yangu," Wahu alisema. "Bwana harusi atacheza na mimi saa ngapi kama amejificha nyuma ya mashine?"