Nati Iliyokazwa kwa Vidole

Kila Alhamisi jioni Swabrah alikuwa na kazi mbili: kuosha gari la baba yake na kumpigia simu jaja. Ya kwanza aliifanya kwa kunung'unika. Ya pili angeifanya hata akiwa na njaa. Watoto wengi wa Bwera humwita bibi yao jaja, na jaja wa Swabrah, Bi Rashidah, mama mzazi wa baba yake, aliishi Muhokya, kwenye barabara ya kwenda Kasese. Ndiye aliyemlea Swabrah tangu akiwa mchanga mpaka alipoingia darasa la tatu. Hata sasa, akiwa na miaka kumi na mitatu, Swabrah aliamini hakuna uji duniani unaoushinda uji wa jaja.

Baba yake, Muniru, alikuwa msafirishaji. Gari lake jeupe la viti saba lilibeba wafanyabiashara kutoka mpakani Mpondwe hadi Kasese mjini. Lakini watu wa Bwera walimfahamu zaidi kwa jambo lingine. Muislamu yeyote akifiwa, Muniru aliwapeleka waombolezaji mazikoni bila kudai chochote. "Wakati wa msiba hii gari ni ya msikiti," alizoea kusema. Watu walimheshimu sana kwa hilo, naye, tusifichane, heshima hiyo aliipenda.

Alhamisi moja umeme ulikuwa umekatika na simu ya mama ilikuwa imezima. Jaja alikuwa akikohoa wiki nzima, na Swabrah hakutaka kulala bila kumsikia. Baba alikuwa msikitini. Swabrah akaenda kwa jirani yao Ukasha, mwendesha boda, akaazima ile chaja ndogo ya waya mbili ambayo watu wa boda huifunga kwenye betri ya pikipiki. Kisha akafanya jambo ambalo baba alikuwa amelikataza kabisa nyumbani kwake. Akafungua boneti.

Waya mmoja aliubana kwenye kichwa chekundu cha betri. Kichwa cheusi kilikuwa kimeganda unga mweupe, hakikufunguka. Basi akaufuata kwa macho ule waya mnene mweusi unaotoka kwenye betri, akaona umefungwa kwa nati kwenye chuma cha injini. Alichukua spana ya baba, akailegeza nati, akapenyeza waya wa chaja. Simu ikaanza kula moto, chaji ikaingia.

"Jaja, umeamkaje huko?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya utani, maana giza lilikuwa linaingia.

"Nimeamka na jua linazama, mjukuu wangu," jaja alijibu, akacheka, akakohoa. "Mwambie baba yako kesho akienda Kasese anipitie. Nina hamu naye."

Mara mama akaita kutoka jikoni kwamba maharagwe yanaungua. Swabrah alichomoa waya zake haraka, akaizungusha nati kwa vidole mpaka ikagoma, akafunga boneti. Alikusudia kurudi na spana. Baba aliporudi alimpa ujumbe wa jaja, lakini nati alikuwa ameisahau.

Alfajiri simu ililia. Mama aliipokea, akasikiliza, akaketi chini palepale mlangoni. Jaja alikuwa amefariki usingizini. Baba mdogo Hamuza, aliyekuwa akiishi naye Muhokya, alisema watamzika baada ya sala ya Ijumaa, kama dini inavyotaka maiti asicheleweshwe. Swabrah alilia mpaka akakosa sauti. Baba hakulia. Alioga, akavaa kanzu, akasema, "Twende. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nitaingia kaburini kumpokea kwa mikono yangu."

Majirani wa msikitini walishakusanyika uani, wanawake wamejifunga leso, wakingoja gari la msiba. Muniru alizungusha ufunguo. Gari likalia tak, likanyamaza. Akazungusha tena. Tak. Taa ziliwaka vizuri, honi ililia, lakini injini haikuzunguka. Lilikuwa gari la otomatiki, na gari la otomatiki halisukumwi likawaka.

"Jana tu imewaka vizuri," Muniru alisema. Akampigia simu fundi Masereka.

Masereka hakuwa fundi mbaya, lakini alikuwa fundi wa haraka. Alisikiliza ile tak mara moja, akasema, "Mzee, hii ni betri. Taa inawaka, lakini nguvu ya kuzungusha injini haina." Ikaletwa betri nyingine kutoka dukani, ikawekwa. Muniru alizungusha ufunguo. Tak.

"Basi stata imekufa," Masereka alisema, tayari akitandika gunia chini ya gari. "Mimi nimeshaona gari mingi za namna hii."

"Weka ingine. Upesi," Muniru alijibu.

Swabrah alikuwa amesimama karibu na tairi la mbele. Ile tak ilikuwa imemkumbusha nati. Alisogea, akamshika baba mkono wa kanzu. "Baba, jana mimi..."

"Si sasa, Swabrah. Nenda ukae na mama yako."

Alikwenda. Na ukweli unaouma ni huu: alipofukuzwa alisikia nafuu. Alijiambia kwamba fundi anajua kazi yake, kwamba stata ikibadilishwa gari litawaka, na hakutakuwa na haja ya mtu kujua lolote.

Masereka akiwa bado chini ya gari, lori lilisimama barabarani. Lilikuwa la Nzanzu, mfanyabiashara kutoka Butembo, aliyekuwa akipeleka ndizi Kasese. Alishuka, akamshika Muniru mikono yote miwili. "Baba Swabrah, nimesikia habari. Pole sana. Panda, tuende. Mu kamio iko nafasi mbele."

Muniru aliwatazama majirani waliokaa uani. "Asante, ndugu yangu. Lakini gari inapona sasa hivi. Nimepeleka watu wa Bwera wote kuzika mama zao. Leo nimwendee mama yangu kwa lori la ndizi, na hawa niwaache?"

"Muniru, maiti haingojeaga mutu," Nzanzu alisema kwa upole.

"Dakika kidogo tu, itawaka."

Nzanzu alitikisa kichwa, akaondoka. Stata mpya ilifungwa. Tak. Masereka alifuta jasho, akasema sasa anajua, ni swichi ya ufunguo. Majirani wakaanza kwenda mmoja mmoja kutafuta usafiri, lakini Ijumaa ni siku ya soko Mpondwe na magari yote yalikuwa yamejaa mizigo. Adhana ya Ijumaa ililia. Muniru alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mkono juu ya ufunguo, akingoja swichi. Swichi ilipofungwa, gari likasema neno lile lile.

Hapo ndipo mama alipotoka nje. "Baba Swabrah," alisema, "acha hiyo gari. Ukasha yuko hapa na pikipiki. Nenda na mtoto, jaja ndiye amemlea. Mimi nitafuata."

Walikwenda kasi, Swabrah katikati, uso wake kwenye mgongo wa Ukasha. Walipofika Muhokya, adhana ya alasiri ilikuwa imeshatolewa. Karibu na nyumba ya jaja walikutana na wanaume wakirudi kutoka makaburini, wamebeba majembe, pindo za kanzu zimejaa udongo. Muniru alishuka kabla pikipiki haijasimama.

Baba mdogo Hamuza alimkumbatia kaka yake. "Tumekungoja. Tumeswali, tukangoja tena. Imamu akasema haifai kuzidisha."

"Nani amempokea?" Muniru aliuliza.

"Mimi, upande wa miguu."

"Na kichwani?"

Hamuza aliinamisha uso. "Jirani mmoja. Nafasi yako, kaka, tulikosa mtu."

Muniru alikwenda mpaka kwenye udongo mbichi, akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Ndipo akalia. Swabrah hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alitaka kusema. Lakini angesemaje, mbele ya watu wote wale?

Walikaa msibani siku tatu, kisha wakarudi Bwera. Gari lilikuwa palepale uani, limekaliwa na kuku. Masereka alipiga simu akasema amefikiri sana, sasa kilichobaki ni ile kompyuta ya injini, na Kasese kuna mtu anayo. Baba alisema atamjibu. Jioni alikaa barazani na mama, na Swabrah, aliyekuwa akipepeta mchele, akamsikia.

"Mama Swabrah, nimewaza. Betri mpya, stata mpya, swichi mpya, na gari imekataa. Hiyo si gari. Labda mama alikuwa na kinyongo na mimi. Labda Mwenyezi Mungu hakutaka mimi nimguse."

"Usiseme hivyo," mama alimwambia.

"Nitasemaje? Alhamisi alisema nimpitie. Sikufika akiwa hai, sikufika akiwa maiti."

Ungo ulimponyoka Swabrah, mchele ukatawanyika. Kuchapwa angevumilia. Kufukuzwa angevumilia. Lakini baba yake kuishi akidhani kwamba jaja alimkataa, hilo hakuliweza. Jaja aliyesema ana hamu naye.

"Si Mungu, baba," alisema. "Na si jaja. Ni mimi. Nilifungua nati ya gari yako."

Alieleza yote, tangu chaja mpaka maharagwe. Mama aliweka bakuli chini. Kisha baba aliinuka, akaenda kwenye gari, akafungua boneti. "Nionyeshe."

Swabrah aliweka kidole kwenye nati. Baba aliushika ule waya mnene mweusi, akautikisa, ukacheza. "Nenda uzungushe ufunguo. Usiogope." Alizungusha. Tak. Baba aliona cheche ndogo ikiruka kwenye ile nati iliyolegea. Taa na honi zinataka umeme kidogo, nao ulikuwa unapita. Kuzungusha injini kunataka umeme mwingi, nao ulikuwa unakwama hapohapo.

Alichukua spana, akampa Swabrah. "Kaza wewe. Kaza mpaka mkono ukuume."

Alikaza huku machozi yakidondoka juu ya injini. Baba aliingia, akazungusha ufunguo mara moja. Gari likawaka. Kuku wakaruka, mama akaja mbio kutoka barazani, akasimama na mkono mdomoni. Ule mlio walioutafuta Ijumaa nzima ulijaa uani, na hakuna aliyeufurahia. Baba aliuacha kwa muda, kisha akazima, akalaza paji la uso kwenye usukani.

Swabrah alisimama mlangoni pa gari akingoja kofi. Baba alipoinua kichwa, hakumpiga. Alimvuta, akamkalisha pembeni yake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ulikosa. Uligusa kitu nilichokataza, na ulipojua kosa lako ulinyamaza. Uliogopa hasira yangu. Mimi ni mkali, najua. Lakini hasira ya baba inapoa. Kaburi likifukiwa, halifunguliwi."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na mimi nina langu, na langu ni kubwa kuliko lako. Alhamisi gari iliwaka, Ijumaa ikakataa. Betri, stata na swichi, vyote vitatu vinakufa usiku mmoja? Kuna kitu kimoja tu kilikuwa kimeguswa. Katika nyumba hii tuko watu watatu. Ningekuuliza wewe na mama yako, 'Jamani, nani ameshika gari jana?', ungejibu. Ningetikisa waya moja moja kwa mkono wangu kabla ya kumwita fundi, ningeiona. Sikuuliza, sikutazama. Nilikuwa nasema weka ingine, weka ingine. Na wewe ulikuja kunishika kanzu, nikakufukuza." Alimfuta binti yake machozi. "Wazee walisema kuuliza si ujinga. Kitu kikiharibika, anza kwa kuuliza kilichobadilika, halafu tazama, halafu gusa. Kununua ni mwisho. Na ukiwa wewe ndiye unayejua, sema, hata ukifukuzwa. Rudi, sema tena."

Swabrah aliitikia kwa kichwa.

Asubuhi iliyofuata Muniru hakupakia abiria. Aliwapakia mkewe na binti yake, wakaenda Muhokya, na gari halikusumbua popote. Makaburini baba alivua viatu, akachutama upande wa kichwa, mahali ambapo jirani alikuwa amesimama badala yake. Swabrah alichutama pembeni yake.

"Asalaam aleikum, mama," Muniru alisema. "Nimekupitia."