Kikongwe na Alama ya Vema

Kila Jumamosi asubuhi, Mawingu aliandamana na shangazi yake, mkutubi, hadi chumba cha nyuma cha maktaba. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, maana mwalimu akianza hesabu, yeye huwa kashapaa zamani. Chumbani walikutana na fundi redio na nesi mstaafu. Wote walijitolea kutunza programu za kompyuta za kizamani, ambazo hata waliozitengeneza walikuwa wamezisahau.

"Ya kale ni dhahabu," fundi alipenda kusema, "ila dhahabu yetu inakohoa!"

Kazi ya Mawingu ilikuwa kujaribu programu ya kuchorea nakshi kabla haijapelekwa kwa watumiaji. Palikuwa na mashine mpya iliyoigiza ile ya zamani, tena upesi. Kisha palikuwa na Kikongwe, mashine ya zamani yenyewe, iliyochukua dakika kumi kuamka. Sharti lilikuwa moja: chora kwa Kikongwe, hifadhi, zima, washa, fungua tena. Ndipo uweke alama ya vema daftarini.

Siku hiyo Kikongwe alinguruma taratibu. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, na Mawingu akawaza mashine ile inaota mikono yote iliyowahi kuigusa. Akaelea nayo. Alipozinduka, shangazi alikuwa anataka daftari.

"Tayari?"

"Tayari, shangazi." Alikuwa amejaribu kwenye mashine mpya tu. Akaweka vema.

Jumamosi iliyofuata aliingia bibi mshonaji, aliyetumia programu ile kwenye kompyuta sawa na Kikongwe.

"Siku nne nimechora nakshi ya gauni la mjukuu wangu," alisema. "Nikahifadhi, nikazima. Kuwasha, ukurasa mweupe pe! Na harusi ni wiki ijayo."

Shangazi alifunua daftari. "Hapa pana vema, bibi. Labda ulikosea kubonyeza?"

"Labda. Macho yangu haya, mwanangu, yamechoka."

Mawingu aliona aibu. Bibi wa watu alikuwa anajilaumu bure.

"Si yeye, shangazi. Ni mimi. Sikujaribu kwa Kikongwe."

Fundi alivuta kiti mbele ya Kikongwe. Kufikia adhuhuri alikuwa amelipata kosa na kulirekebisha, lakini nakshi ilikuwa imepotea. Basi Mawingu akaketi na bibi, huyu akieleza, yule akichora, petali kwa petali. Walipomaliza akahifadhi, akazima, akawasha. Dakika kumi zile alizihesabu zote. Maua yakarudi kwenye kioo, na bibi akapiga makofi.

Mawingu alikata vema ya zamani, akaandika mpya.

"Kuota si kosa, mwanangu," shangazi alisema. "Nani angeamsha mashine hizi kama si waota ndoto? Lakini alama hii ni ahadi. Bibi hakukujua wewe. Alichoamini ni vema yako."