Mfuko wa Kilio

Kila siku akitoka shule, Kasuku alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa kitu kingine. Kwanza kubadili sare, kisha kuokota pini zilizodondoka sakafuni kwa sumaku iliyofungwa kwenye uzi, halafu kupanga vipande vya kitambaa, vikubwa huku, vidogo kule. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda. Jina la Kasuku hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu mtoto huyo akianza kuongea, hata cherehani ilinyamaza.

Nyuma ya mlango ulining'inia mfuko mkubwa wa turubai. Mama alikuwa na mtindo wake wa kazi ambao mafundi wenzake waliucheka. Akiharibu kitambaa, hakukitupa wala kukificha. Aliweka mkasi chini, akaandika kosa na sababu yake kwenye kikaratasi, akakibana kwa pini kwenye kile kipande, akatia vyote mfukoni. Siku hiyo hakukata tena. Angeshona vifungo, angepiga pasi, lakini mkasi ulilala mpaka kesho yake.

Kasuku aliubatiza ule mfuko "mfuko wa kilio."

"Kilio ni chako," Mama alimjibu akicheka. "Mimi nauita shule yangu. Ada nilishalipa."

Wiki ile Mama alikuwa na furaha ya pekee. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea ya jirani alikuwa amempa kazi ya kushona sare arobaini, tena akatanguliza pesa za kitambaa. Kila sare ilihitaji mita moja. Mama alizikunja zile pesa, akazitia kwenye kopo la vifungo, akamkabidhi Kasuku kopo.

"Wewe ndiye mweka hazina," alisema. "Jumamosi asubuhi tunakwenda dukani, mimi na wewe."

Kasuku alijisikia mtu mzima. Alilificha kopo chini ya kitanda, nyuma ya sanduku lake la viatu.

Kaka yake, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, alikuwa fundi simu kwenye kibanda kilichokuwa njiani kwenda shule. Watu walimwita Waya, maana hata ukimkuta amevaa suruali ya kutokea, mfukoni hukosi kukuta waya. Kwa miezi miwili sasa Kaka Waya alikuwa ameingiwa na mambo ya sarafu za mtandaoni, zile ambazo huwezi kuzishika mkononi, bei yake inapanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Jumatatu mchana alimwita mdogo wake kibandani.

"Ona mstari huu wa kijani. Jana ulikuwa hapa. Leo uko huku juu."

"Kwa nini umepanda?"

Kaka Waya alikuna kichwa. "Umepanda tu. Watu wananunua."

Jibu kama hilo, kwenye daftari la hesabu, lingekatwa kwa wino mwekundu. Lakini Kasuku hakuuliza tena, na kuacha kuuliza hakukuwa kawaida yake. Alikuwa na akiba yake ndogo aliyoipata kwa kushona vibanio vya nywele na kuwauzia wanafunzi wenzake. Aliikimbilia nyumbani, akamletea kaka yake. Kabla jua halijazama, akiba ile ilikuwa imeongezeka. Kasuku alilala meno nje.

Jumanne mstari ukageuka mwekundu. Kasuku alipita kibandani mapumziko ya mchana, akauona. "Uza, Kaka! Uza kabla haijaisha yote!" Kaka Waya akauza. Akiba ilirudi ikiwa pungufu kuliko ilivyoingia. Na alipopita tena jioni akitoka shule, ile sarafu ilikuwa imepanda, imepita hata pale ilipokuwa jana.

Hapo ndipo Kasuku alipokasirika. Aliona kama ameibiwa, ingawa hakumjua mwizi. Alitembea mpaka nyumbani ameuma meno, na alipofika hakubadili sare wala kugusa sumaku ya pini. Alikwenda moja kwa moja chini ya kitanda. Akatoa nusu ya pesa za kopo, pesa ya mita ishirini, akajiambia kwamba kesho atazirudisha pamoja na faida, na Mama hatajua lolote. Akarudi nazo kibandani mbio.

"Hizi zimetoka wapi?" Kaka Waya aliuliza.

"Za Mama. Amekubali."

Kaka Waya alimtazama, kisha akatazama simu, macho yakabaki kwenye simu. Hakuuliza la pili.

Jumatano mchana, pesa ya mita ishirini ilikuwa imebaki ya mita nane.

"Tusubiri," Kaka Waya alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. "Itarudi."

"Lini?"

"Itarudi tu."

Kasuku alilikumbuka lile "tu." Usiku ule hakugusa chakula, na nyumbani kwao, Kasuku akinyamaza, watu walidhani anaumwa. Mama alimpapasa paji la uso, akamwambia kesho wakiona hali ni ile ile watakwenda zahanati. Mkono ule ulimuuma Kasuku kuliko kofi.

Alhamisi alirudi akamkuta Mama anakata gauni la mteja mmoja, karani wa posta. Kasuku aliokota pini bila kusema neno. Mara mkasi ukasimama. Mama aliinua vipande viwili, akavilinganisha, akavigeuza, akavilinganisha tena.

"Nimekata mikono miwili, yote ya kushoto," alisema. "Sasa karani wa watu atagonga mihuri vipi?"

Alijicheka mwenyewe. Kisha akaweka mkasi chini, akachukua kikaratasi na kuandika polepole: *Nilikata huku nawaza homa ya mtoto. Sikugeuza kitambaa.* Akakibana kwa pini.

Kasuku aliposoma maneno yale, maji yalimfika shingoni. Mama alikuwa ameharibu kazi kwa kumhurumia yeye, kwa ugonjwa ambao haukuwepo.

"Mama, siumwi," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nimekula pesa za kitambaa."

Alieleza yote, tangu mstari wa kijani hadi "amekubali." Alipomaliza, Mama alikwenda kuleta kopo, akalimimina juu ya meza. Vifungo vilibingirika mpaka sakafuni na hakuna aliyeviokota.

"Pesa inauma, mwanangu, sitakudanganya," alisema hatimaye. "Lakini kuna kinachouma kuliko hiyo. Uliazima mdomo wangu bila kuniomba. Ulisema nimekubali, na mimi nilikuwa hapa hapa nashona, sina habari."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Umekuja kusema mwenyewe, na hilo nimeliona. Sasa nenda kamwite kaka yako."

Kaka Waya alikuja akiwa amenywea kama aliyemwagiwa maji. Mama alimuuliza swali moja tu: "Ulinipigia simu kuniuliza?" Kaka Waya akatikisa kichwa. Waliuza zile sarafu jioni ile ile, zikarudi pesa za mita nane. Kaka Waya akaahidi kuleta pesa zote atakazopata kibandani mpaka pengo lizibwe.

Ijumaa walikwenda wote watatu ofisini kwa mwalimu mkuu. Kasuku alidhani Mama ndiye atakayesema. Mama alikaa kitini, akamwangalia yeye. Kasuku alipiga moyo konde na kueleza tena yote, ingawa mara ya pili haikuwa nyepesi. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zilizobaki zinatosha sare ngapi?"

"Ishirini na nane, Mwalimu," Kasuku alijibu.

"Basi watoto wa darasa kubwa wataanza, na wadogo watasubiri wiki tatu. Zikizidi wiki tatu, nitatafuta fundi mwingine." Hakutabasamu, lakini aliwapa mkono wote watatu.

Jioni ile Mama aliweka karatasi mbele ya Kasuku. "Kila mara uliponunua au kuuza, niandikie kwa nini. Usinipambie."

Kasuku aliandika. *Nilinunua kwa sababu Kaka alifurahi.* Ya pili: *Niliuza kwa sababu niliogopa.* Ya tatu ilimchukua muda mrefu: *Nilinunua tena kwa sababu nilikasirika, na pesa haikuwa yangu.*

Mama alizisoma mara mbili.

"Mimi sarafu hizo sizijui," alisema. "Lakini nimetafuta hapa karatasi iliyoandikwa 'kwa sababu nilijua,' sijaiona. Kuna furaha, kuna woga, kuna hasira. Ningekata kitambaa namna hiyo, mji mzima ungetembea na mikono miwili ya kushoto." Kisha akapunguza sauti. "Ukipata hasara, mkono unawasha kuirudisha saa ile ile, na hapo ndipo unapoharibu mara ya pili. Weka mkasi chini kwanza. Jiulize umekosea wapi. Na kitambaa cha mtu usikikate kabisa mpaka mwenyewe akuruhusu. Ada umeshalipa, tena ghali. Usiondoke darasani bila kusoma."

Kaka Waya, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa. "Mama, na mimi niongezewe karatasi."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

Mama alimpa daftari zima.

Wiki tatu zile hazikuwa za mchezo. Kasuku alishona vibanio mpaka vidole vikaota sugu, akaviuza mapumziko ya mchana, na kila alichopata alikitia kwenye kopo mbele ya macho ya Mama. Kaka Waya alifungua kibanda hata siku za mapumziko. Siku mbili kabla ya mwisho wa muda, kitambaa cha mita kumi na mbili kilikuwa mezani. Ilipobaki mifuko ya mashati tu, Mama alimpa Kasuku mkasi.

"Kata wewe."

Kasuku alikata mfuko wa kwanza ukatoka sawa. Wa pili ukatoka umepinda, pembe moja fupi. Vidole vilimwasha kukata haraka mwingine kabla Mama hajauona. Aliutazama ule uliopinda, akavuta pumzi, akaweka mkasi chini.

"Mama," aliita, "nipe pini na kikaratasi."